Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyevusha sauti bahari kwa santuri

GANDO ni kijiji cha pwani kilichoko kaskazini magharibi mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Wete. Ni sehemu ya ile Pemba ya mikarafuu na madau, ambako msimu ukiwa mzuri majamvi hutandazwa viwanjani, na harufu ya karafuu inayoanikwa humpokea mgeni kabla wenyeji hawajampokea.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, mkazi wa Gando aliyetaka kwenda kusikiliza taarab katika mji wa Unguja alikuwa na safari ya baharini mbele yake. Visiwa hivyo viwili vimetenganishwa na takriban kilomita 50 za maji, na pepo hazimsubiri msafiri. Si kila mtu aliyejaaliwa kuifunga safari hiyo.

Hata hivyo, tangu mwaka 1928 palikuwa na njia ya pili. Mtu hakulazimika tena kuifuata sauti ya mwimbaji. Sauti yenyewe iliweza kumfuata mahali alipo, ikiwa imefungwa ndani ya sahani nyeusi, ikisubiri sindano ya gramafoni. Wasikilizaji wa Kiswahili waliiita sahani hiyo santuri, na jina lililoandamana nayo kuliko majina mengine yote ya zama hizo lilikuwa la mwanamke mmoja wa shamba, Siti binti Saad.

Jina hilo si geni kwa msomaji wa magazeti ya Kiswahili. Wengi wetu tulikutana nalo shuleni, katika kitabu cha Shaaban Robert. Lakini leo, wakati santuri zimerudi kuwa bidhaa inayotafutwa katika maduka ya muziki ya Ulaya na Marekani, maisha ya Siti yanastahili kutazamwa upya kwa upande mmoja ambao mara nyingi hupitwa haraka: nini kilimpata binadamu huyu pale sauti yake ilipoachana na mwili wake na kuanza kusafiri peke yake.

Mtoto aliyeitwa Mtumwa

Siti alizaliwa Fumba, kijiji kilichoko kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi kwa asili, na mama yake alikuwa Mzigua. Zanzibar ya wakati ule ilikuwa chini ya Sultani Barghash, na utumwa ulikuwa bado unatambuliwa na sheria. Mtoto huyo alipewa jina la Mtumwa.

Jina hilo peke yake linatosha kumweleza msomaji nafasi ya familia hiyo katika ngazi ya jamii. Sheria ya kufuta hadhi ya utumwa visiwani ilitoka mwaka 1897, binti huyo akiwa na umri wa miaka 17. Hata baada ya hapo, sheria ilibadilika upesi kuliko macho ya watu. Asili ya mtu iliendelea kuulizwa kabla ya tabia yake, na mtoto wa shamba, wa wazazi wenye asili ya bara, hakutarajiwa kukaa katika barza za mjini.

Mtumwa hakupelekwa chuoni wala shuleni. Hakujua kusoma wala kuandika, na hali hiyo ilibaki naye hadi mwisho wa maisha yake. Alichofundishwa ni kazi ya mama yake, ufinyanzi. Alijifunza kuupata udongo unaofaa, kuukanda, kuupa umbo, kuuanika na kuuchoma. Kisha alijitwika vyungu na mitungi kichwani na kutembea navyo vijijini na mjini akiwatafuta wanunuzi.

Muuza vyungu hana budi kunadi. Inasimuliwa kwamba sauti ya binti huyo ilitangulia mbele yake, na kwamba wenye nyumba walimjua kuwa amefika kabla hawajamwona. Hapo ndipo mazoezi yake ya mwanzo yalipofanyika, njiani juani, bila mwalimu na bila ala.

Aliolewa huko shamba akamzaa binti, Kijakazi. Ndoa haikudumu. Mnamo mwaka 1911, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, aliiacha Fumba akaingia mjini kutafuta riziki.

Kuingia mjini

Mji wa Unguja alioukuta ulikuwa umekwisha kuwa na taarab yake. Ikulu ya Sultani Barghash ilikuwa imeupokea muziki huo kutoka Misri, na mwaka 1905 kilianzishwa chama cha muziki cha Ikhwani Safaa, ambacho bado kipo hadi leo. Taarab ilikuwa muziki wa wanaume, wa waungwana, na wa lugha ya Kiarabu. Mpishi, mchukuzi na muuza vyungu waliisikia kwa mbali, kupitia madirishani.

Mjini Siti alikutana na Muhsin Ali, mwanamuziki aliyekitambua kipaji chake na kumfunza kuimba kwa kufuata ala. Kwa kuwa hakujua kusoma, kila shairi ilibidi aliweke kichwani, yakiwemo ya Kiarabu. Kumbukumbu yake ndiyo ilikuwa daftari lake.

Baadaye walimzunguka wapigaji ambao majina yao hayatengani na lake: Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruku na Maalim Shaaban. Kundi hilo liliitwa majumbani, kwenye arusi na mbele ya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia mwaka 1911 hadi 1960. Mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa sasa aliitwa Siti, jina lenye maana ya bibi mwenye heshima.

Haikuwa njia nyeupe. Wapo waliochukizwa kuona mtoto wa shamba akishangiliwa katika sebule za wakubwa. Walimtungia wimbo wa kumkejeli, wakiitaja asili yake, nguo duni alizoingia nazo mjini na sura yake, ambayo wao waliiona haina uzuri. Siti hakukaa kimya wala hakurusha matusi. Alijibu kwa wimbo wake mwenyewe, akieleza kwamba sura na nasaba si kitu mtu anapokuwa na akili na maneno yake yana maana. Jibu hilo limeishi. Majina ya waliomkejeli hakuna anayeyakumbuka.

Aidha, katika barza ya Siti huko Ng'ambo, upande wa mji waliokokaa wengi wa watu wa kawaida, taarab ilibadili lugha. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiswahili, na habari zake zilikuwa za mtaa huo huo: mapenzi na unafiki, makarani na mahakimu, wanawake waliodhulumiwa na wanaume waliokimbia makosa yao. Watu walikwenda kwake jioni kusikiliza muziki, wakarudi wakiwa wamesikia pia habari za mji.

Mfano unaojulikana zaidi ni wimbo wa Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyechukuliwa kwenda ngomani usiku na kuuawa. Mtuhumiwa, Kijiti, alivuka bahari akakimbilia bara, huku adhabu ya mahakama ikiwaangukia waliosimama kutoa ushahidi. Kwa watu ambao hawakuwa na gazeti lao wala kiti katika baraza la kutunga sheria, wimbo huo ulikuwa rufaa.

Safari ya Bombay

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, nchini India, ambako kampuni ya gramafoni ya Uingereza iliyotumia nembo ya mbwa anayesikiliza mdomo wa gramafoni iliwarekodi. Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa katika santuri za kibiashara. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 48.

Wakati wa safari hiyo ulikuwa na maana yake. Hadi mwaka 1925 sauti ilirekodiwa kwa pembe kubwa la bati. Mwimbaji aliingiza uso pembeni mwake na kupaza sauti, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyotikisa sindano iliyochora mfereji katika nta. Sauti nyembamba zilipotea. Kuanzia mwaka huo kampuni kubwa zikaanza kutumia maikrofoni na umeme. Mwimbaji hakuhitaji tena kupiga kelele, na udi, ambao ni ala ya sauti ya chini, ukaanza kusikika vizuri. Siti, aliyeanza kwa kunadi vyungu njiani, alifika mbele ya chombo hicho miaka mitatu tu baada ya umeme kuingia katika kazi ya santuri.

Hata hivyo chombo kilikuwa na masharti yake. Santuri ya wakati huo ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa ile ya kawaida ulibeba takriban dakika tatu tu. Msomaji anayeijua taarab ataelewa ugumu wake. Wimbo wa taarab ukiimbwa barzani hauna haraka. Beti hurudiwa, ala hujibizana, wasikilizaji hutuza, na usiku huendelea. Bombay hapakuwa na mtu wa kutuza, na saa ilikuwa ukutani. Ilibidi beti zichaguliwe na utamu wa usiku mzima ubanwe katika dakika hizo.

Kisa cha Siti na umeme kina funzo kwa wale wanaodhani kwamba mitambo imeingia juzi katika muziki wetu na kuuharibu. Taarab ya Kiswahili haikusambaa kwanza kisha ikakutana na mitambo. Ilisambaa kwa sababu ya mitambo. Santuri hizo ziliuzwa Afrika Mashariki nzima yenye kusikia Kiswahili, kwa kupitia mikono ya wafanyabiashara wa Kihindi wa mijini, na zilipigwa katika mikahawa ambako mtu asiye na gramafoni aliweza kusikiliza kwa bei ya kikombe cha kahawa. Mafanikio hayo yaliivuta kampuni nyingine kubwa, Columbia, nayo ikataka sauti ya Siti na wenzake.

Kilichofika kisiwani Pemba

Sasa turudi Gando, au kijiji chochote cha Pemba cha miaka hiyo. Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na msimu wa kuchuma ulileta watu kutoka Unguja na bara, pamoja na fedha taslimu. Pahala penye fedha za msimu ndipo bidhaa kama gramafoni hupata mnunuzi.

Pemba haikuwa na njaa ya mashairi. Hiki ni kisiwa cha Kamange na Sarahani, washairi ambao tungo zao zilihifadhiwa vifuani mwa watu muda mrefu baada ya wao kuondoka. Msikilizaji wa Kipemba alikuwa hakimu mkali wa mizani na vina. Kwa hiyo santuri ya Siti haikumletea ushairi, kwani ushairi alikuwa nao. Ilimletea sauti ya mwanamke asiyemwona, akiimba kwa Kiswahili, katika chombo ambacho awali kilileta lugha za wengine.

Tunapaswa kufikiri uzito wa jambo hilo kwa mwanamke wa shamba aliyeketi nyuma ya nyumba akichambua vikonyo vya karafuu. Huko nje, kwenye gramafoni, mwanamke mwenzake aliyezaliwa katika unyonge anamshitaki mkosaji kwa jina lake, na wanaume wote barazani wamenyamaza wanamsikiliza. Hawawezi kumkatiza. Hawawezi hata kumwona ili waseme kwamba si mzuri. Kejeli zote alizotupiwa Siti mjini, kuhusu sura, nguo na nasaba, hazikuwa na nafasi ndani ya santuri. Chombo kilibeba kile kimoja tu alichosema kina thamani.

Nyakati njema hazikudumu. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 uliangusha bei za mazao, karafuu nazo hazikunusurika, na biashara ya santuri ikapungua kila mahali. Mwaka 1931 kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, ile ya nembo ya mbwa na Columbia, ziliungana na kuwa EMI. Miaka mikubwa ya santuri za Siti ilikuwa imepita, ingawa sauti yake iliendelea kuzunguka katika nakala zilizokwisha kuuzwa.

Jua kuzama

Siti aliishi hadi kuwa bibi kizee. Muda mfupi kabla ya kifo chake alitembelewa na Shaaban Robert, ambaye alimsikiliza akisimulia maisha yake na baadaye akayaandika katika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Mwanamke asiyejua kusoma akawa mada ya mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya wasifu katika fasihi ya kisasa ya Kiswahili. Alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950.

Urithi wake ulipita njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mdomo kwa sikio. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alijifunza nyimbo za Siti tangu ujana wake, akaziimba hadi uzeeni na kuzifikisha katika majukwaa ya Ulaya. Bi Kidude alifariki dunia mwezi Aprili, 2013. Jina la Siti nalo lilichukuliwa na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoasisiwa mwaka 1987, ambacho kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Njia ya pili ni ya chombo, na hii ndiyo yenye uchungu. Santuri za mwaka 1928 zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu, uitwao lakri, uliochanganywa na unga wa mawe. Ni kitu kigumu lakini hakina mnyumbuko. Ukikiangusha sakafuni kinavunjika kama chungu, na sindano za chuma zilikila kila kilipopigwa. Nyingi ya nakala zilizoingia majumbani mwetu ziliishia hivyo, au zilitupwa zilipokuja redio na kaseti.

Nakala zilizotunzwa vizuri zaidi zimo katika hifadhi za ng'ambo, hasa Uingereza. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya London ilitoa mkusanyo wa muziki wa Kiswahili wa kati ya miaka ya 1920 na 1950, uliotokana na santuri zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza. Ni kazi ya kupongezwa, lakini inampa msomaji swali. Muziki uliotoka Ng'ambo ya Unguja ulirudi sokoni kwa kupitia London, na mtoto wa Fumba au Gando anayetaka kuusikia anaununua kutoka huko. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu iitwayo Siti of Unguja, iliyochapishwa pia katika santuri za kisasa za plastiki, yaani vinaili, na kampuni ya On The Corner ya London. Nyimbo za bibi yake mkuu zimo humo, zikiongozwa kimuziki na mpigaji wa Zanzibar, Matona, na kuchanganywa na milio ya kielektroniki inayopendwa na vijana wa miji ya Ulaya.

Wapo watakaosema kwamba kuichanganya taarab ya Siti na mitambo ya kompyuta ni kuivunjia heshima. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, maana si kila kichanganywacho hutengenea. Lakini wenye hoja hiyo wakumbuke kwamba Siti mwenyewe alisimama mbele ya maikrofoni wakati maikrofoni ilikuwa kitu cha ajabu, akakubali kuubana wimbo wa usiku mzima katika dakika tatu ili uvuke bahari. Hakuiogopa mashine. Alichokilinda ni lugha yake na maana ya maneno yake.

Tofauti iliyopo ni ya umiliki. Mwaka 1928 sahani zilizochorwa sauti ya Siti zilikuwa mali ya kampuni, na yeye hakuweza hata kuisoma karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri yenye jina lake. Kitukuu chake anaweza kuisoma. Huo ndio mwendo wa karibu miaka mia moja, na bado haujakamilika mpaka hifadhi ya sauti hizo iwepo pia visiwani, mahali ambapo mwanafunzi wa Wete anaweza kuingia na kusikiliza bila kuomba ruhusa ng'ambo.

Kwa sasa, kila mmoja wetu ana kazi ndogo ya kufanya. Katika nyumba za zamani za Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Lamu, huenda yamebaki masanduku ya wazee ambayo hayajafunguliwa kwa miaka mingi. Anayeikuta humo sahani nyeusi nzito yenye karatasi iliyofifia katikati asiifanye kifuniko cha mtungi, wala asimpe mtoto aichezee. Aifute vumbi kwa kitambaa kikavu, aisimamishe wima mahali penye kivuli, na awaulize wanaojua. Pengine amemshika mkononi mfinyanzi wa Fumba.